Nilipitisha biro juu ya saini, na sasa Baba Mdogo anataka kuuza mpira wa Babu

SWALI

Shikamoo Mama Mshauri,

Nina miaka 31, ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwetu ni Taita, si mbali na Voi. Kuna jambo nimelificha tangu nikiwa kidato cha pili na sasa maji yamenifika shingoni.

Babu yetu, mzaa baba, alisoma Marekani. Aliondoka Septemba 1960 na zile ndege za wanafunzi za Tom Mboya, akarudi 1965 na shahada, sanduku moja la nguo, na mpira mdogo wa besiboli uliojaa majina ya watu yaliyoandikwa kwa kalamu. Tulikua tukijua kwamba mpira ule si wa kuchezea. Ulikaa juu ya kabati ndani ya mkebe wa Kimbo, umefungwa kwa kipande cha leso ya Nyanya. Mara moja tu binamu zangu waliuiba wakachezea kati uani, na hadi leo wanaikumbuka fimbo waliyoipata.

Hadithi tuliyopewa na wazee ni kwamba Babu alikutana huko New York na Jackie Robinson, yule aliyewafungulia weusi mlango wa ligi kuu ya besiboli, na kwamba Robinson aliwaita wenzake wote wa timu ya Brooklyn wakasaini mpira mbele ya Babu. Kila Krismasi hadithi hurudiwa na kila mwaka hutiwa chumvi. Siku hizi Babu naye ameshaupiga mpira ukatoka nje ya uwanja! Babu alifariki 2009. Nyanya bado yupo, ana miaka 83, na akiisikia hadithi hiyo hucheka tu na kuendelea kuchambua maharagwe yake.

Sasa kosa langu. Mwaka 2010, nikiwa likizoni, niliufungua ule mkebe nikaona jina la Robinson limefifia kuliko yote. Nilikuwa bado namlilia Babu. Nikaona kama jina likipotea, na yeye atapotea. Nikachukua biro ya buluu nikalifuata herufi kwa herufi. Sikubuni kitu, nilifuata mistari iliyokuwepo, ingawa mkia wa ile herufi ya mwisho uliniponyoka kidogo. Nikaufunga mpira nikaurudisha. Watu walipouona tena walisema, "Ajabu, Robinson hafifii!" Nikanyamaza.

Mwezi uliopita Baba Mdogo aliweka picha za mpira mtandaoni. Amepata mtu anayesema yuko Marekani na atalipa dola nyingi, ila anataka mpira utumwe kwanza kwa kampuni ya vifurushi. Baba Mdogo ameshapiga hesabu ya mabati na karo za watoto wake. Shangazi amesema mpira utauzwa yeye akiwa kaburini. Baba yangu, ambaye ndiye mkubwa, hasemi kitu. Binamu aliye Texas anataka aletewe yeye autafutie mnunuzi. Mwingine amesoma kwamba mtoto wa Robinson analima kahawa Mbozi, Tanzania, basi anataka tukodi gari tumpelekee athibitishe.

Mhuri unasomeka Spalding, na chini yake jina Warren C. Giles. Majina yanakaribia ishirini, yote kwa wino wa buluu, mengine yamekolea, mengine yamefifia. Niliyoweza kuyasoma ni Alston, ambaye yuko peke yake pale mishono inapokaribiana, halafu Reese, Hodges, Campanella, Newcombe, Koufax, na huyo Robinson wangu.

Je, niseme nilichofanya? Mpira una thamani yoyote? Na zaidi ya yote, Babu alitudanganya?

Mjukuu Mwenye Biro, Voi

JIBU

Marahaba mwanangu.

Sema. Tena usingoje mkutano wa familia, maana ukisema mbele ya watu kumi kila mmoja ataondoka na toleo lake. Anza na baba yako leo jioni, kisha Shangazi yako, kisha mwende wote watatu kwa Baba Mdogo kabla hajaugusa ule mkebe. Maneno ni machache: nilikuwa na miaka kumi na mitano, nilikuwa na huzuni, nikapitisha biro juu ya jina. Baba Mdogo atafoka. Mwache afoke. Afadhali afoke leo sebuleni kwenu kuliko apokee barua ya mnunuzi aliyegundua mwenyewe.

Na atagundua. Nilifanya kazi ya kutunza wazee Massachusetts miaka tisa, na mmoja wao alikuwa na kabati zima la mipira ya aina hiyo. Alikuwa Mzungu mkali, hataki kuoga, hataki dawa, ila ukimuuliza juu ya mpira mmoja tu utakesha. Ndiye aliyenionyesha kwa kioo cha kukuza jina lililopitishiwa kalamu linavyokaa. Anayesaini jina lake huandika mbio, mkono haufikirii, na wino hukolea mwanzoni ukapungua anaponyanyua kalamu. Anayefuatisha huenda polepole kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, akisimama kila kona. Isitoshe, chini ya wino mpya ule wa zamani bado upo, na mahali mkono ulipoteleza, kama ulivyoteleza mkia wako, inaonekana mistari miwili. Mtaalamu hahitaji hata dakika tano.

Kama familia ingejua na kuuza bila kusema, huo ungekuwa ulaghai, haidhuru kwamba ulipopitisha biro nia yako ilikuwa mapenzi. Biashara hii imeumwa sana na nyoka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 FBI iliwafuatilia waghushi wa saini za wanamichezo katika msako ulioitwa Operation Bullpen, na kati ya bidhaa zilizopatikana kulikuwa na mipira ya besiboli yenye saini ya Mama Teresa. Naam, Mama Teresa wa Calcutta. Tangu hapo mnunuzi makini halipi dola hata moja kwa hadithi ya familia. Anataka mpira uangaliwe na watu wa kuthibitisha saini, kama PSA, JSA au Beckett.

Sasa niupe mpira wenyewe nafasi yake, kwa sababu umeniandikia mambo mengi kuliko unavyodhani.

Huyo Warren C. Giles si mchezaji. Alikuwa rais wa National League, moja ya ligi mbili kuu za besiboli Marekani, kuanzia 1951 hadi 1969, na mipira rasmi ya ligi ilipigwa jina la rais aliyepo. Spalding ndio walioitengenezea ligi hiyo mipira hadi 1976. Kwa hiyo mhuri wenu unapatana na zama, na ni mpira rasmi, si ile ya kumbukumbu iliyouzwa viwanjani ikiwa na saini zilizochapwa kiwandani. Hiyo ya kuchapwa ungeitambua: majina yote hukolea sawasawa kama yaliyotoka kwenye mhuri mmoja, na yenu hayako hivyo.

Alston ni Walter Alston, kocha aliyeanza kuiongoza Brooklyn Dodgers mwaka 1954. Pale pembamba palipo na jina lake peke yake ni mahali pa heshima, na kwa desturi kwenye mpira wa timu nzima huachiwa kocha. Koufax alianza kuchezea timu hiyo 1955 akiwa kijana wa miaka 19. Robinson alicheza mara ya mwisho 1956, akatangaza kustaafu Januari 1957. Weka hayo matatu pamoja: kama majina ni ya kweli, mpira huu ulisainiwa msimu wa 1955 au wa 1956. Ukitaka kujua ni upi, tafuta mengine kwa kioo cha kukuza. Ukiona Hoak, ni 1955, kwa sababu aliuzwa kwa timu nyingine Desemba ya mwaka huo. Ukiona Maglie, ni 1956, maana alijiunga Mei. Ombea Hoak. Mwaka 1955 ndio Brooklyn walipochukua ubingwa wao wa pekee, tarehe 4 Oktoba, kwa kuwafunga Yankees, timu nyingine ya New York, 2 kwa 0 katika mchezo wa saba wa fainali, na mzee wangu wa Massachusetts, ambaye hata hakuwa mshabiki wao, alikuwa akiitaja siku ile kwa sauti ya chini kama mtu aliye kanisani.

Umeshaona ninakokwenda. Babu yako alipanda ndege Septemba 1960. Kufikia wakati huo timu ya Brooklyn haikuwepo tena Brooklyn. Ilihamia Los Angeles baada ya msimu wa 1957, na uwanja wake, Ebbets Field, ulianza kubomolewa Februari 1960. Robinson alikuwa mtu wa suti, makamu wa rais wa kampuni ya kahawa iitwayo Chock full o'Nuts. Na Campanella, ewe mwanangu, alipata ajali ya gari Januari 1958 ikampooza kuanzia mabegani kushuka chini. Hakuna namna wanaume hawa wangekusanyika kumsainia Babu yako mpira. Ulipofika mikononi mwake ulikuwa na miaka minne au mitano tayari, na ulikuwa wa mtu mwingine.

Kabla hujalia, soma na hili.

Robinson yumo kweli katika safari ya Babu yako. Mwaka 1959 yeye, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walitia saini barua ya kuwaomba Wamarekani wachangie nauli za wanafunzi wa Mboya, na ndege ya kwanza ikaondoka Nairobi mwezi Septemba na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata, wa Babu yako, wanafunzi walikuwa mamia, na pesa zilipokaribia kukwama familia ya Kennedy ikatoa dola 100,000 kupitia wakfu wao. Basi mtu anaposema "Robinson alimsaidia Babu kufika Marekani" hajasema uongo. Na anayesema "Babu alirudi na mpira wenye jina la Robinson" naye hajasema uongo. Hadithi hizo mbili zimeoana huko kwenu, Krismasi baada ya Krismasi, zikazaa ya tatu. Umeniuliza kama Babu alidanganya, lakini katika barua yako yote hakuna mahali ulipoandika kwamba uliisikia hadithi hii kinywani mwake. Umeandika "tuliyopewa na wazee".

Ila usiukimbilie mpira kwa furaha bado. Zamani kwenye vyumba vya wachezaji kulikuwa na vijana wa kubeba magongo na watunza vyumba waliojua kuiga saini za nyota, kwa sababu mipira ya kusainiwa ililetwa kwa maboksi na nyota hawakuwa na subira. Mipira mingi ya timu ya miaka ile ina majina mawili matatu yaliyoandikwa na kijana wa aina hiyo, na ya nyota ndiyo yaliyotangulia kuigwa. Inawezekana kabisa kwamba uliyemfuatisha kwa biro yako si Robinson bali mvulana wa Brooklyn aliyelipwa kufua soksi. Mtaalamu ndiye atakayesema, ikiwa umemwachia kitu cha kutosha cha kusoma.

Thamani, basi. Jina lililopitishiwa kalamu huhesabiwa kuwa limeharibika, na Robinson ndiye anayetafutwa kuliko wote hapo. Lakini mengine hukuyagusa. Koufax wa mwaka wake wa kwanza au wa pili, Campanella wa kabla ya ajali, Hodges, Reese, Newcombe, hao bado wana neno lao. Sitakutajia bei, maana nikitaja Baba Mdogo ataikata na kuibandika ukutani. Kampuni za kuthibitisha hutoa maoni ya awali kwa picha kwa ada ndogo. Piga picha mchana, kivulini, kila upande, bila mwako wa simu, na kwenye maelezo andika wazi: jina la Robinson lilipitishiwa kalamu mwaka 2010 na mtu wa familia. Sentensi hiyo moja itawaepusha na mengi.

Huyo mnunuzi wa "tuma kwanza" mwambieni kwaheri. Mnunuzi wa kweli hulipia kitu kilichokwisha kuthibitishwa, au hununua kupitia nyumba ya mnada yenye mkataba. Mpira ukishapanda ndege bila karatasi, mtabaki na risiti ya kifurushi tu. Hata binamu wa Texas, pamoja na kwamba ni damu yenu, asipewe bila barua iliyosainiwa na wote inayosema anaubeba kwa niaba ya nani na pesa zitagawanywaje. Si kwamba namshuku. Nimeona ndugu waliokosana kwa cherehani.

Halafu Baba Mdogo hana mamlaka ya kuuza peke yake. Kama Babu alifariki bila wasia na hamjachukua barua za usimamizi wa mirathi mahakamani, Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inamkataza mtu yeyote kuchezea mali ya marehemu, na ni kosa la jinai. Watu hudhani sheria hiyo ni ya mashamba tu. Ni ya mkebe wa Kimbo pia. Na wa kwanza kuulizwa ni mjane, ambaye katika ugomvi wenu wote huu sijasikia mtu amemuuliza anataka nini. Baba yako naye aache kuwa mkubwa wa kimya. Kukaa kwake kimya ndiko kulikomfanya mdogo wake afike mtandaoni.

Safari ya Mbozi acheni. Ni kweli, mwana wa mwisho wa Robinson, David, alihamia Tanzania miaka ya 1980 na analima kahawa kule. Baba kampuni ya kahawa, mwana shamba la kahawa, Mungu ana mzaha wake. Lakini alizaliwa 1952. Mpira huu uliposainiwa alikuwa mtoto wa miaka mitatu au minne, na kuwa mtoto wa mtu hakumfanyi mtu kuwa mjuzi wa saini zake. Mwacheni avune.

Kuhusu kuutunza: usiusugue, usiupake mafuta, usiupake vanishi. Zamani wenye mipira walipenda kuipaka shelaki ili ing'ae, ikageuka rangi ya chai ya rangi na majina yakazama humo. Ngozi hiyo ni ya farasi, kama ilivyokuwa mipira yote ya ligi kuu kabla ya 1974, na adui zake ni jua, unyevu na jasho la mikono. Giza la mkebe limeusaidia sana, nyanya yako amefanya kazi nzuri kuliko majumba fulani ya makumbusho. Lakini mkebe wa bati hutoa jasho masika na leso huchuja rangi. Uhamishie kwenye boksi la kadibodi, uuzungushie karatasi nyeupe isiyo na maandishi, na ukae ndani ya kabati, si juu yake karibu na paa. Ukiushika, vaa glavu safi za pamba, au nawa mikono na uikaushe vizuri.

Nimebakiza Nyanya yako.

Umeniandikia kwamba akiisikia hadithi hucheka na kuendelea na maharagwe. Mwanangu, mpira mzima huo haukunifikirisha kama hicho kicheko. Aliishi na Babu yako miaka mingi. Aliupokea mpira, akaukatia leso yake, akautafutia mkebe. Yeye ndiye mtu pekee aliye hai anayeweza kujua nani alimpa Babu kitu ambacho Mwamerika yeyote wa Brooklyn asingekitoa kirahisi. Wanafunzi wengi wa ndege zile walikaribishwa na familia za kule wakati wa likizo. Huenda palikuwa na mwenye nyumba aliyezeeka, au mama aliyefiwa na mwana, au mwanafunzi mwenzake aliyekosa pesa ya kitu fulani akalipa kwa mpira. Huenda palikuwa na msichana. Hilo lingeeleza kicheko.

Usimwendee na orodha ya maswali kama mtu wa sensa. Nenda Jumamosi asubuhi, kaa chini, vuta ungo, chambua naye. Simu iweke kwenye mkeka ikirekodi, na umwambie inarekodi. Muulize siku Babu aliporudi 1965: alivaa nini, alishuka wapi, sanduku lilifunguliwa na nani, kitu gani kilitoka kwanza. Mpira utajitokeza wenyewe. Mkiwa hapo mwambie na habari ya biro. Sitashangaa akikwambia alijua siku ile ile.

Ukishajua alikuwa akicheka nini, niandikie tena.